Shikamoo Iliyofungua Mlango

Miaka ile Arusha ilikuwa ikijifunza mambo mapya kila kukicha. Maduka ya intaneti yalifunguliwa katika mitaa ambayo zamani ilijulikana kwa mafundi cherehani na wauza mbegu. Vijana waliozoea kungojea barua posta sasa walizingojea mbele ya kioo cha kompyuta, wameshika tama, huku mashine ikipiga makelele ya kutafuta laini ya simu. Anneth aliipenda miaka ile hata kabla haijapita. Asubuhi ya Jumapili aliyopelekwa Momela kuonyeshwa kwa mama yake Abdiel, aliiona tayari kama kitu kinachoaga, akawa anaikumbuka ilhali bado yumo ndani yake.

Walikuwa watatu katika pikapu ya Baba mdogo Aminieli. Aminieli, mdogo wa marehemu baba yake Abdiel, alishika usukani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili aliutumia kuzungumza.

"Bwana Kompyuta," alimwambia Abdiel, "umemweleza mwenzako kwamba kwetu mgeni haulizwi kama ameshiba?"

"Nimemweleza, Baba mdogo."

"Umemweleza pia kwamba mama yako akimkazia mtu macho, ndiyo dalili ya kumpenda?"

"Hilo sijamweleza. Nilitaka afike kwanza."

Anneth alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. Abdiel alimtazama kwa pembe ya jicho. Mtazamo ule Anneth aliufahamu tangu siku ya kwanza walipoketi mbele ya kompyuta moja, na kila ulipomfikia alihisi kana kwamba mtu amemfungulia dirisha kifuani.

Chuo chao kilikuwa ghorofani, Kijenge, juu ya duka la vipuri vya magari. Mwalimu Lemburis, mtu mrefu aliyewahi kuwa fundi wa simu kabla ya kwenda kusoma ng'ambo, aliwafundisha kazi ambayo wazazi wao hawakuwa na jina lake: kujaribu kupenya katika mtandao wa mtu, kwa ruhusa yake mwenyewe, ili kumwonyesha mahali ambapo mwizi angepita.

"Mtandao ni nyumba yenye milango mingi," alikuwa akisema huku akitembea kati ya madawati. "Kila huduma ina mlango wake. Barua zina wao, kurasa zina wao. Bisha kila mlango. Ukiitikiwa, isikilize vizuri sauti iliyoitika. Huduma iliyozeeka hujitaja jina na umri bila kuulizwa, na ukishajua umri wake umeujua ugonjwa wake. Lakini shikeni neno hili: mwizi naye anabisha mlango huohuo. Kinachotutenga naye ni ruhusa. Ukipenya, simama kizingitini, tazama, kisha toka. Usiguse hata kijiko."

Kompyuta hazikutosha. Anneth na Abdiel walipewa moja, tena yenye kibodi moja, na Abdiel alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Basi wakapatana: yeye achape herufi za kushoto, Anneth za kulia. Amri moja iliandikwa na mikono ya watu wawili. Mwanzoni waligongana vidole wakaombana radhi. Baadaye waligongana wasiombane radhi. Na siku ambayo umeme ulikatika katikati ya somo, wenzao wakaguna na kusukuma viti, wao wawili walibaki mikono juu ya kibodi iliyokufa, na hakuna aliyeuondoa wa kwake.

"Mama yako atanipenda?" Anneth aliuliza sasa, pikapu ilipoacha lami na kuanza kupanda kuelekea milimani.

"Mama yangu anawapenda watu wenye adabu," Abdiel alijibu. "Wewe ukifungua kinywa tu, amekwisha."

Maneno yale Anneth aliyachukua kama baraka.

Nje, ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Mlima Meru haukuonekana wote. Ulionekana ubavu tu, mweusi na wenye maji, na juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa weupe. Anneth alikumbuka sauti ya mwanamke mmoja iliyomwambia, katikati ya wiki ile iliyokuwa ikiisha, "Ni ukungu wa huku kwetu milimani, mwanangu. Kila asubuhi nashuka nao mjini." Akatabasamu peke yake. Sauti ile ilikuwa imekaa naye siku kadhaa, kama harufu ya chakula kizuri inavyokaa katika nguo.

Ilikuwa sauti ya simuni, katika jaribio lake la mwisho. Mwalimu Lemburis alimpa kila mwanafunzi ofisi yake ya kukagua, kwa siri, akawaonya wasitajiane hata wakiwa wachumba. Anneth alipewa kampuni moja ya kupeleka wageni mbugani. Mwenye kampuni, Bwana Said, alikubali kwa maandishi na hakumwambia mfanyakazi wake yeyote. Anneth alibisha milango yote ya mtandao ule, akakuta imefungwa vizuri. Fundi wao alikuwa mtu makini. Anneth alirudi kwa mwalimu ameinamisha kichwa.

"Kuna mlango mmoja hujaubisha," Mwalimu Lemburis alimwambia. "Haumo ndani ya mashine." Kisha akamsogezea simu ya mezani.

Yule mwanamke aliitika mara moja.

"Shikamoo mama," Anneth alisema.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Mimi ni Sophia, wa kwa mafundi wa kompyuta. Mbona sauti kama ina mafua?"

Hapo ndipo mama yule alipoeleza habari za ukungu. Kutoka ukungu wakaja kwenye mguu wake ulioteguka akishuka kwenye gari la kampuni, na kutoka mguu wakaja kwenye majani ya kuukanda. Anneth alisahau kidogo kwamba yumo katika mtihani. Alipokumbuka, alisema kwamba barua za ofisi zimekwama, na kwamba angezikwamua mara moja kama angepata neno la siri.

"Nikikutajia utanicheka," mama alisema.

"Sitacheka, mama."

"Ni Matumaini. Ni ng'ombe wangu huyo. Nilitafuta neno ambalo siwezi kulisahau."

Anneth alicheka. Mama naye alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshikwa na jambo lake mwenyewe. Anneth akapenya, akasimama kizingitini, akatazama, akatoka bila kugusa kijiko. Siku iliyofuata Bwana Said alikuja chuoni kupewa majibu. Hakutajwa mtu. Ilitajwa simu tu.

"Tumefika!" Aminieli alisema, akakanyaga breki.

Nyumba ilikuwa ya matofali, imezungukwa na migomba na ua wa majani ya isale. Kando yake palikuwa na zizi, na ndani ya zizi ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe usoni aliinua kichwa kuwatazama. Aminieli alishuka, akamkaribisha Anneth kwa kuinama kama mhudumu wa hoteli.

"Kabla hujamwona mwenye nyumba, msalimie bibi wa boma. Wakwe wote huanzia hapa. Huyu ndiye Matumaini."

Anneth alisimama.

"Anaitwa nani?"

"Matumaini. Anatoa maziwa mpaka majirani wanakuja na ndoo zao."

Anneth alimgeukia Abdiel. "Mama yako anafanya kazi wapi?"

"Si nilikwambia? Ofisi ya watalii."

Ofisi za watalii mjini zilikuwa nyingi kuliko makanisa. Anneth hakuwahi kuuliza ni ipi, na Abdiel hakuwahi kuitaja, kwa kuwa mtu akipenda haulizi anwani ya kazi ya mama. Kabla hajafungua kinywa tena, mlango wa nyumba ulifunguliwa. Mwanamke wa makamo, amevaa kitenge cha kanisani na kitambaa kichwani, alitoka akichechemea mguu mmoja. Alikuja akitabasamu, mkono wake umeshanyooshwa.

Katika hatua zile chache Anneth alifikiri mambo mengi. Angeweza kuinama tu asiseme kitu, lakini msichana anayesimama mbele ya mkubwa bila kumwamkia hahitaji kosa jingine. Angeweza kukohoa na kujifanya sauti imemkauka. Angeweza kuitoa sauti nyembamba, ya kubana puani. Alijua namna ya kufanya hivyo, maana alifundishwa. Akamtazama yule mama, akauona ule mguu, na akaona kwamba kama leo atambadilishia sauti, basi hatakuwa na sauti yake katika nyumba ile maisha yake yote.

"Shikamoo mama," alisema, kwa sauti aliyozaliwa nayo.

Mkono wa mama ulisimama hewani. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kama taa iliyosahauliwa kuzimwa mchana.

"Sophia?"

"Mama, huyu ni Anneth," Abdiel alisema akicheka. "Sophia ni nani tena?"

"Sikukuuliza wewe." Macho ya mama hayakumwacha Anneth. "Nimeuliza: Sophia?"

"Ndiyo, mama," Anneth alijibu. "Ni mimi."

Mama Abdiel aliushusha mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye kitenge ingawa haukuwa na kitu. Hakuitikia ile shikamoo.

"Ingieni ndani," alisema hatimaye. "Chai itapoa."

Ndani, chai ya maziwa ilimiminwa katika vikombe vya udongo vyenye maua, vile vinavyotolewa kabatini kwa wageni tu. Sahani ya maandazi iliwekwa katikati ya meza. Mama alimhudumia Anneth kwanza, kama desturi inavyotaka, na namna alivyomhudumia bila kukosea hata kidogo ndiyo iliyomchoma Anneth kuliko tusi.

"Mnajuana?" Aminieli aliuliza. Uchangamfu wake ulikuwa umemtoka.

"Tulizungumza kwa simu," mama alisema. "Huyu binti alinipigia kazini akasema ni fundi. Nikampa neno la siri la ofisi. Ijumaa Bwana Said akaniita. Akanieleza kwamba lilikuwa jaribio, na kwamba mimi ndiye tundu." Alikunywa chai kidogo. "Kuanzia kesho niko stoo. Nitahesabu mahema na vitanda vya kukunja. Mezani atakaa mtu mwingine."

Abdiel aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Stoo? Mama! Na hukuniambia?"

"Nikuambie kwa njia gani? Ulikuwa mjini ukinitafutia mkwe."

Abdiel alimgeukia Anneth. Anneth alimwona akitafuta uso aliouzoea na kuukosa.

"Ulijua?"

"Nimejua pale nje, nilipomwona ng'ombe."

"Na ulipokuwa unampigia? Ulipoisikia sauti ya mtu mzima, mama wa watu, hukuona haya?" Sauti yake ilianza kupanda. "Umemwamkia mama yangu ili umfungue kama kopo!"

"Abdiel," mama alisema.

"Niache nimwambie, mama. Shikamoo ni heshima. Mtu haitumii shikamoo kama bisibisi!"

"Abdiel! Usinipiganie kwa haraka namna hiyo. Wewe ulikwenda chuo kujifunza nini? Si mlisoma darasa moja?"

"Mimi nilipewa kampuni nyingine."

"Na kama ungepewa yangu, wala hujui ni yangu, na milango yote imefungwa, ungefanyaje?"

Aminieli alichukua andazi akaligawa vipande viwili bila kula hata kimoja.

Anneth alitamani mtu amtukane tena, maana tusi lina jibu. Aliuona mkono wa kushoto wa Abdiel juu ya meza, umekunjwa ngumi, ule mkono uliokuwa ukimngojea kila asubuhi upande wake wa kibodi. Ulikuwa karibu kiasi cha kuguswa, na hakuna mahali duniani palipokuwa mbali zaidi.

Mama Abdiel alikuwa akitazama dirishani.

"Nilianza pale Bwana Said akiwa na Landrova moja na meza ya kuazima," alisema, kana kwamba anazungumza na ukungu wa nje. "Tulikuwa na simu moja, ya kuzungusha. Mgeni akipiga kutoka kwao unasikia kama anapigia chini ya maji. Hata hivyo tuliwapata. Kuna mzee mmoja alirudi kila mwaka, na kila mwaka akifika mlangoni alisema, 'Nimekuja kuiona ile sauti.' Dereva akikwama mbugani, wa kuitwa nilikuwa mimi. Mke wa dereva akishikwa na uchungu, nilikuwa mimi. Kila aliyepiga nilimsaidia, ndivyo nilivyojua kazi. Hakuna siku mtu aliniketisha akaniambia kwamba kuna watu wa kusaidiwa na watu wa kutosaidiwa, na kwamba wote wanakuja na shikamoo."

Akamgeukia Anneth.

"Nisikilize, binti. Bwana Said amenieleza kwamba ulikuwa na ruhusa. Nimeelewa. Alikupa ruhusa ya kompyuta zake, na ni mali yake. Lakini mimi si kompyuta ya Bwana Said. Ruhusa yangu nani alikupa?"

Anneth aliitafuta ruhusa ile katika yote aliyofundishwa. Hakuiona.

"Hakuna, mama."

"Hakuna." Mama alilirudia neno lile kwa upole. "Basi nijibu na jingine. Ulipocheka, habari ya ng'ombe. Kile kicheko ulifundishwa?"

"Hapana, mama. Nilicheka kweli."

"Maana mimi nilicheka kweli. Nilirudi nyumbani nikicheka." "Mwambie, Aminieli. Mwambie nilichokwambia jioni ile."

Aminieli alijikuna shingo. "Shemeji, yanini sasa..."

"Mwambie."

"Alisema..." Aminieli alimtazama Abdiel, kisha akaitazama sahani. "Alisema amezungumza na msichana mwenye adabu sana kwenye simu, wa kwa mafundi. Akasema, laiti Abdiel angeachana na huyo wa kompyuta aliyemwokota huko mjini, tumtafutie yule wa simu."

Hakuna aliyecheka. Abdiel alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Anneth alihisi machozi yakija, akayazuia. Hakutaka yawe na kazi yoyote ya kufanya katika chumba kile.

"Mama, naomba niseme jambo moja tu," alisema. "Si la kujitetea."

"Sema."

"Bwana Said alipokuja chuoni kuchukua majibu, alikasirika. Alisema atamwondoa aliyepokea simu. Mimi nilikuwa sijui ni nani. Sikujua jina lako, sikujua una mtoto. Nilisimama nikamwambia kwamba aliyepokea amefanya vile hasa ofisi ilivyomzoesha kufanya, kumsaidia kila anayepiga. Nikamwambia kwamba akimwondoa yeye na kumweka mwingine bila kumpa utaratibu, atakuwa amebadilisha mtu tu na mlango ameuacha wazi. Nikamshauri aweke kanuni: neno la siri halitajwi kwenye simu kwa yeyote, hata kwa mwenye kampuni. Na nikasema..." Alisita. "Nikasema mama yule ndiye mtu wa kwanza wa kufundishwa kanuni hiyo, maana wageni wanamwamini."

"Ulisema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Bwana Said hakuniambia hayo."

"Nadhani hakunisikiliza. Nilikuwa mwanafunzi."

Abdiel aliinua uso. "Ni kweli, mama. Mwalimu Lemburis alilisimulia darasani siku ileile. Alisema kuna mwanafunzi amembishia mwenye kampuni. Hakumtaja ni nani."

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, Abdiel alimtazama Anneth bila hasira. Palikuwa na haya katika mtazamo ule, na huzuni, na kitu cha zamani kilichokuwa kikijaribu kurudi mahali pake. Anneth hakuthubutu kuupokea. Alimngoja mama.

Mama Abdiel alikuwa amekunja mikono mapajani.

"Maneno mazuri," alisema. "Na simuni pia ulikuwa na maneno mazuri. Mwanangu naye anakuunga mkono, lakini mwanangu anakupenda, na anayependa si shahidi. Sasa mimi nifanyeje? Nitajuaje kama haya nayo si ya yule Sophia?"

Aminieli alitaka kusema neno. Abdiel pia alitaka kusema. Anneth aliwatangulia.

"Hutajua, mama."

"Nini?"

"Leo hutajua. Nikiapa, hutajua. Nikilia, hutajua. Hata mimi ningekuwa wewe nisingejua. Nimeichukua njia ambayo watu huitumia kujuana, nikaipitia kwenda mahali pengine. Siwezi kuitengeneza kwa maneno, kwa sababu nimeiharibu kwa maneno." Alisimama, akakunja kitambaa chake. "Asante kwa chai. Kesho nitakwenda kwa Bwana Said nimweleze tena, kama ambavyo ningefanya hata nisingekujua. Sitakuombea kazi, mama. Nitamwambia tu kwamba hakuyafuata majibu aliyopewa, na hiyo ni sehemu ya kazi yangu. Abdiel, wewe baki. Mama yako ana siku ngumu kesho. Baba mdogo atanishusha barabarani."

"Anneth..." Abdiel alisimama.

"Baki, mpenzi," alisema kwa sauti ndogo. Lilikuwa neno ambalo msichana halisemi mbele ya mama mkwe, lakini lilishatoka.

Alikuwa amefika mlangoni Mama Abdiel alipozungumza.

"Hilo ndilo neno la kwanza ulilonipa ambalo hukulitia sukari."

Anneth aligeuka nusu. "Lipi, mama?"

"Kwamba sitajua." Mama alikuwa akimtazama, kwa yale macho ya kukaza ambayo Aminieli aliyatania njiani. "Rudi uketi. Kwetu mgeni haondoki kabla ya chakula, hata akiwa mwizi."

Anneth alirudi akaketi.

"Utakuja Jumapili ijayo," mama alisema. "Na Jumapili itakayofuata. Uje peke yako, huyu abaki mjini."

"Mama!" Abdiel alisema.

"Wewe kakamue. Matumaini anakuita tangu saa ile." Kisha kwa Anneth: "Usiniletee zawadi. Sitaki kitenge wala sukari. Hutafagia, hutaosha vyombo, sitaki kuiona bidii yako. Kila binti anayekuja kuonyeshwa huja na bidii. Utaketi hapo ulipo, na mimi hapa. Tutazungumza, na tusipokuwa na la kuzungumza tutanyamaza."

"Nitakuja, mama."

"Barabara ni mbaya mvua ikinyesha."

"Nitakuja."

"Mpaka lini, mama?" Abdiel aliuliza akiwa mlangoni, ndoo ya maziwa mkononi, uso wake kama wa mtoto aliyezuiwa kwenda sherehe. "Tulitaka tuanze kuhesabu siku za posa..."

"Mpaka siku ambayo nitaisikia sauti yake hapo nje nisimtafute Sophia. Inaweza kuwa karibu. Inaweza kuwa mbali. Mimi sijui, na yeye amesema kweli kwamba leo sitajua."

Abdiel alimtazama Anneth juu ya bega la mama yake. Miaka mingi baadaye, wakati ghorofa ile ya Kijenge ilipokuwa imebomolewa na vijana wakibeba mitandao mizima mifukoni mwao, mtu angemuuliza Anneth ni lini aliolewa. Angeitaja siku ya kanisani kama inavyotakiwa, na moyoni angeiona ndoo ile ya maziwa, na kijana aliyesimama nayo mlangoni akiwa hajui kama apokee furaha au asubiri.

Aminieli alitoka kwa kisingizio cha kuangalia tairi. Wanawake wawili wakabaki.

Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Mama Abdiel aliinuka kwa shida kwa sababu ya mguu, na Anneth alitaka kumshika, akakumbuka alichoambiwa kuhusu bidii, akajizuia. Mama alilivuta pazia la dirisha hadi mwisho. Mwanga mweupe wa mlimani ukaingia mpaka mezani, ukaangukia vikombe, ukamwangukia Anneth kifuani. Mama alirudi kwenye kiti chake.

"Sogea kidogo huku, penye mwanga," alisema. "Sauti yako naijua. Uso wako ndio siujui."

Anneth alisogea. Hakutabasamu, kwa sababu hakuombwa kutabasamu, wala hakuinamisha macho kama wanavyofundishwa wasichana. Aliketi katika mwanga ule, akatazamwa.